Staa Akija, Mwache Ale: Niliyojifunza Nikiendesha Baa ya Mpira Malindi

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, mwaka wa pili tangu nifungue mkahawa na baa ya mpira hapa Malindi. Mchezaji anayejulikana nchi nzima aliingia kimyakimya, kavaa kofia na kandambili, akaketi pembeni karibu na ukuta na kuagiza changu wa kupaka kwa wali wa nazi. Kabla samaki hajageuzwa upande wa pili juu ya makaa, mhudumu wangu alikuwa ameshampiga picha na kuirusha mtandaoni. Haikupita robo saa bodaboda zilikuwa zimeziba lango, vijana wanakwea ukuta, na wateja wangu wa kila siku wamesukumwa hadi mlango wa jikoni. Mgeni alikula vijiko vitatu, akaomba apitishwe nyuma, akalipa zaidi ya alichodaiwa, na hajarudi hadi leo. Changu wake aliliwa na paka.

Nilimlaumu mhudumu kwa siku kadhaa, kisha nikakubali kwamba kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwa nimemwambia mtu yeyote la kufanya. Mji wetu haujaanza leo kupokea watu wenye majina. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alikuja hapa mwaka wa 1934 kuvua samaki wakubwa wa maji marefu. Waitaliano wameuzoea tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti kule Ngomeni. Na tajiri wa Kiitaliano Flavio Briatore aliwekeza hapa katika hoteli za kifahari. Anayetaka kuonekana hubaki Nairobi. Anayesafiri hadi huku, mara nyingi anatafuta mahali ambapo atatazama mechi, atakula kwa mikono na kuondoka bila kuulizwa maswali, na hiyo ndiyo bidhaa unayomuuzia. Samaki anaweza kumpata popote.

Kwa hiyo, ukifungua biashara ya namna hii, andika katika mkataba wa kila mfanyakazi kwamba simu haitumiki akiwa kazini, na umweleze sababu siku ya kwanza kabla hajashika sinia. Usijenge jukwaa la wageni wa heshima, kwa sababu jukwaa huwavutia watazamaji. Mimi nilitenga meza mbili za kawaida ambazo mtu akizikalia anaupa ukuta mgongo, anaiona skrini vizuri, na anaweza kwenda msalani bila kukatiza ukumbi mzima. Mteja akiomba kupiga picha naye, mmoja wetu humwendea mgeni akishamaliza kula na kumwuliza kwa sauti ya chini. Akikataa, sisi ndio tunaobeba lawama, si yeye.

Katika hili mwalimu wangu alikuwa Mama, mhudumu wa makamo asiyefuatilia muziki wala mpira. Mwanamuziki mmoja, ambaye nyimbo zake zilikuwa zinapigwa katika kila matatu wakati huo, alipoketi, wahudumu wengine walijificha nyuma ya friji wakinong'onezana. Mama alimwekea maji, akamtazama usoni na kumwambia, "Mwanangu, mbona umekonda hivi? Huko kwenu hawakupi chakula?" Nilitamani ardhi ipasuke. Yule kijana alicheka hadi akavua miwani, akajibu, "Shikamoo, Mama," na tangu hapo kila akija pwani hukaa upande wa Mama, hata kama kuna meza bora zaidi.

Hasara ya wageni hawa, hata hivyo, haitokani nao bali na wapambe wao. Jioni moja staa alikuja na watu wanane, wakaagiza kambakoche, kamba wa kukaanga na divai ya bei, kila mmoja akijifanya ndiye mwenye karamu. Wakati wa mapumziko staa aliaga kwa adabu, akaingia garini. Mpira ulipokwisha niliwapelekea bili ya shilingi 47,000, nikashuhudia watu wanane wakinyoosheana vidole kana kwamba ndipo kwanza wanakutana. Nililipwa 12,000. Siku hizi kundi likizidi watu sita, tunauliza mapema, kwa tabasamu, bili iandikwe kwa jina la nani, na anayetajwa hutuma sehemu ya fedha kwa M-Pesa kabla jiko halijawashwa. Wapo walionuna wakaondoka, nami nawashukuru. Pia wapo mapromota wanaotaka msanii wao ale bure pamoja na kikosi chake, malipo yakiwa ni kututangaza. Ninawajibu kwamba mvuvi anayeniletea nguru alfajiri hapokei matangazo.

Jambo la pili linalowaangusha wengi ni saa. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa 4:00 usiku kwetu wakati wa kiangazi cha Ulaya, lakini wao wakishairudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, huanza saa 5:00. Sasa, Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka wa 2010, ambayo wengi bado tunaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliipa baa ya kawaida muda wa kuuza hadi saa 5:00 usiku, yaani firimbi ya kuanza inalia wakati unatakiwa kufunga kaunta. Kabla hujanunua skrini hata moja, nenda kwenye ofisi ya leseni ya kaunti ukaulize aina za leseni na masharti ya kila moja, kisha upange biashara ya usiku huo juu ya chakula na vinywaji visivyo na kileo. Mimi nililipuuza hilo na likaniumbua tarehe 11 Julai 2021, Italia na Uingereza zilipokutana katika fainali ya Kombe la Ulaya. Nilikuwa nimepokea maagizo ya Waitaliano wa mtaani na watalii wa Kiingereza, ilhali mechi ilianza saa 4:00 usiku, saa ileile ya kuanza kafyu ya korona. Nilirudisha fedha zote, nikalala nyumbani, na Italia iliposhinda kwa penalti nilijua kutokana na kelele za majirani.

Kuhusu mitambo sina mengi. Lipia king'amuzi kwa mpango wa biashara, usilete cha sebuleni kwako, na uwe na jenereta inayowaka yenyewe, kwa kuwa stima ina mazoea ya kupotea penalti inapowekwa. Mechi za Uingereza za saa 12:00 jioni hukutana na adhana ya Magharibi. Sisi huzima sauti hadi ikamilike, na kwa miaka yote hii sijapata hata lalamiko moja kutoka kwa jirani.

Ikifika Aprili mvua za masika huanza, kusi huchafua bahari, hoteli kadhaa hufunga milango na wenye majina hupotea. Anayelipa mishahara kuanzia hapo hadi Juni ni mwalimu, muuguzi, dereva wa tuktuk na fundi wa boti. Hao ndio wanaokuja Jumanne kwa mishikaki na viazi karai, na wakiona kwamba bei ilipanda kwa sababu staa alikuwa ndani Desemba, watakukumbusha Mei kwa kutokuja. Bei zangu ni moja mwaka mzima, ubaoni, kwa chaki.

Kuna mwalimu mstaafu ambaye ana kiti chake chini ya feni ya pili. Mei iliyopita mtangazaji mmoja maarufu alikikalia, na Mama akamwendea akamwomba ahamie meza ya ukutani. Alihama bila neno. Mzee alifika dakika ya 20, akakung'uta mwavuli, akaketi, kisha akamwuliza jirani yake mpya nani anaongoza.