Programu nyepesi ya kutazama picha

Ndugu, umesema kompyuta yako ya Windows ni ya zamani, na kila ukifungua picha inakwama, ilhali unataka kuzitazama tu. Basi achana na programu nzito za kuhariri. Sakinisha IrfanView: ni ndogo, ipo tangu 1996, na ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Ipakue kwenye tovuti yake rasmi, tafadhali, si kwingineko.

Fungua picha moja, kisha bonyeza kitufe cha nafasi. Inayofuata kwenye folda itatokea. Enta hujaza skrini nzima, na herufi T huonyesha picha zote kwa udogo.

Jambo ninalokusihi ulizingatie ni kuzungusha. R na L huigeuza picha, lakini ukihifadhi JPEG (aina ya faili la picha lililobanwa ili liwe dogo) baada ya hapo, inabanwa upya na kupoteza ubora kidogo, na ubora huo haurudi. Sakinisha viongezi vya IrfanView (plugins, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo), kisha tumia Shift+J, ambayo huzungusha bila kuibana upya. Na kabla ya kugusa chochote, nakili picha zako za familia kwenye diski nyingine. Hizo hazipigwi mara ya pili.