Maswali ya Wasomaji: Muziki wa Sayari kwa Watoto wa Chekechea

SWALI: Mhariri, salaam. Ninafundisha chekechea mjini Morogoro, watoto wa miaka minne hadi sita. Mada yetu muhula huu ni anga za juu, na mwalimu mkuu ametaka hata vipindi vya muziki viifuate. Sina kinanda, nina ngoma mbili, kayamba na simu yangu. Mpaka sasa watoto wanavaa kofia za makaratasi na kuimba wimbo wa roketi, lakini naona muziki wenyewe haufundishwi. Nifanyeje? Tena, zile video za mtandaoni zinazoitwa “sauti za sayari” ni za kweli?
Mwalimu wa chekechea, Morogoro

JIBU: Wasiwasi wako una msingi, Mwalimu. Kofia hazina ubaya, lakini mtoto anayeimba habari za roketi kwa mahadhi yale yale anayoimbia habari za mbuzi hajaongeza lolote katika muziki. Chagua kwanza jambo moja la kimuziki, kama vile kasi, kimya au sauti kufifia, ndipo utafute angani kitu kinacholionyesha.

Kasi ndiyo nyepesi kuanza nayo. Utaridi hulizunguka Jua kwa siku 88, Dunia kwa siku 365 na Mirihi kwa siku 687. Yaani Dunia inapomaliza mzunguko mmoja, Utaridi imekwisha kumaliza minne na ushei, na Mirihi ndiyo kwanza imepita nusu ya safari yake. Geuza hesabu hiyo kuwa mapigo. Mtoto wa Utaridi atikise kayamba katika kila pigo, wa Dunia apige ngoma ndogo mara moja katika kila mapigo manne, na wa Mirihi apige ngoma kubwa mara moja katika kila mapigo manane, huku wenzao wakihesabu kwa sauti moja hadi nane. Mwenye kazi ngumu ni huyu wa Mirihi, kwa kuwa kungoja mapigo saba bila kuivamia ngoma ni mtihani mkubwa kwa mtoto wa miaka minne. Mruhusu aguse goti lake katika mapigo anayoyangojea. Wakishazoea, wabadilishane sayari.

Simu yako nayo ina kazi. Mwingereza Gustav Holst, aliyekuwa mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana jijini London, alitunga kati ya 1914 na 1917 kazi ya okestra iitwayo The Planets, yenye vipande saba, kila kimoja kwa jina la sayari. Wasikilizishe kile cha Mirihi kwa dakika moja hivi, kwani chote ni kirefu kwao na kishindo chake cha vita chaweza kuwatisha wadogo, kisha waambie wapige gwaride. Mwendo wake ni wa mapigo matano matano. Kwa hiyo pigo zito likiangukia mguu wa kushoto mara hii, mara inayofuata litaangukia wa kulia, na watoto watachanganya miguu na kucheka kabla hujaeleza chochote.

Kipande cha mwisho, cha Neptuni, kinafaa hata darasa lisilo na umeme. Humo kwaya ya wanawake huimba ikiwa imefichwa katika chumba cha kando, na mlango hufungwa polepole hadi sauti zipotee. Nusu ya watoto wako wasimame nje na msaidizi, waimbe “aaa” mfululizo, nawe ufunge mlango taratibu; waliobaki ndani wainue mkono pale wasiposikia tena. Mikono haitapanda kwa pamoja, na wengine wataapa kwamba bado wanasikia. Waache wabishane, maana ubishi huo ndio usikivu unaoutafuta.

Kuhusu video, uwe mwangalifu. Sauti huhitaji kitu cha kupitia, kama hewa au maji, na baina ya sayari hakuna hewa ya kuibeba. Baadhi ya video hizo zimetokana na vipimo vya kweli, hasa mawimbi ya redio yaliyonaswa na vyombo vya angani na kugeuzwa na wataalamu kuwa sauti inayosikika. Nyingine ni kompyuta tu. Sauti halisi ya Mirihi, hata hivyo, ipo: gari la utafiti la NASA liitwalo Perseverance, lililotua huko Februari 2021, lilibeba maikrofoni na kurekodi upepo. Ni hafifu, kwa kuwa hewa ya Mirihi ni nyembamba mno. Wasikilizishe hiyo, kisha ufundishe kimya: ukiinua mkono, “tumetoka kwenye hewa”, na vyombo vyote vinyamaze huku kila mmoja akiendelea kuhesabu moyoni, ukiushusha, waingie pamoja.

SWALI: Kituo kimoja cha watoto kinatoza ada kwa “masomo ya muziki wa anga”. Mwanangu ana miaka mitatu. Nimpeleke?
Mama wa mtoto mmoja, Mombasa

JIBU: Omba kukaa ndani ya kipindi kimoja kabla ya kulipa, mama. Ukikuta watoto wameketishwa mbele ya katuni za roketi huku muziki ukijiendea, mnunulie manyanga na umwimbie mwenyewe nyumbani. Ukikuta wanaimba, wanapiga na kutembea kwa mapigo, na kipindi hakizidi nusu saa, mpeleke.