Gari la kusafishia mapaa: anza na maji

Nilinunua gari kabla sijajua litabeba nini. Lilikuwa pikapu la kupendeza, bodi halina mkwaruzo, nami nikaona kazi imeanza. Wiki iliyofuata nikalitwisha tangi la lita 1,000, nikalijaza mpaka juu, na springi za nyuma zikalala kabisa. Taa za mbele zikawa zinamulika matawi ya miti badala ya barabara.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Wote tunalijua hilo tangu shule, ila tukifika kwa muuza magari tunalisahau. Lita 1,000 ni tani nzima, na pikapu nyingi za kawaida uwezo wake ni tani moja hivi au pungufu. Hujahesabu tangi lenyewe, mashine ya presha, mipira, ngazi, dawa, wala wewe na msaidizi wako, na ninyi mmo kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo chukua karatasi kwanza. Andika kila kitu kitakachopanda garini na uzito wake, ujumlishe, kisha tafuta gari ambalo mzigo huo hautalimaliza nguvu. Kwenye bamba au kitabu cha gari, chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, utoe uzito wa gari likiwa tupu. Tofauti hiyo ndiyo mali yako, usimsikilize anayekwambia "hili linabeba chochote".

Halafu jiulize kama unahitaji maji mengi hivyo. Kama wateja wako wana bomba, tangi lako kazi yake ni kuziba pengo tu. Tuseme mashine inakunywa lita 15 kwa dakika na bomba la mteja linatoa 10. Unapungukiwa lita 5 kila dakika, basi tangi la lita 300 linakupa saa nzima bila kusimama, huku likijazwa upande mmoja na kunyonywa upande mwingine. Mimi nilikuwa natembeza tani ya maji mjini kwa sababu ya hofu tu.

Tangi lililojaa nusu ndilo baya zaidi. Ukikanyaga breki gari linasimama, maji hayasimami. Yanakuja mbele, yanagonga, yanarudi, na gari linakusukuma kana kwamba kuna mtu nyuma. Kwenye kona ndiyo usiseme. Nunua tangi lenye kuta za ndani zenye matundu za kuvunja mawimbi, lisogeze mbele lisilale nyuma ya ekseli ya nyuma, na ulifunge kwenye chesisi. Bati la bodi ni jembamba, boliti zitalirarua siku ya breki ya ghafla.

Sasa dawa. Weusi na kijani cha kwenye mapaa ni viumbe hai, mwani na ndugu zake, na wengi wetu tunaviua kwa klorini ya maji kisha tunasuuza kwa presha ndogo. Presha kubwa inachuna vigae na kusukuma maji chini ya paa. Lakini klorini hiyohiyo inakula chuma. Kwa muda nilikuwa na vani iliyofungwa, nikaacha madumu ndani usiku mmoja, kifuniko kimoja hakikukazwa. Asubuhi nilipofungua mlango macho yalinitoka machozi, na baada ya siku chache spana zote zilikuwa zimeota kutu ya rangi ya chungwa, hata zile zilizokuwa ndani ya boksi. Tangu hapo napenda bodi la wazi lenye turubai la kivuli, maana jua na joto vinaipunguzia klorini nguvu. Vani ina sababu nyingine ya kuogopwa: usiwashe injini ya petroli ndani yake, moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, inayoua bila kunuka.

Tangi la dawa liwe dogo, la plastiki, peke yake. Viungio navyo viwe vya plastiki. Na kama unabeba asidi ya kutolea madoa ya kutu au saruji, ikae upande mwingine wa gari kabisa, kwenye boksi lake. Ikikutana na klorini inatoa gesi ya sumu.

Pampu ya dawa isiwe ile ya presha. Ndogo ya volti 12 inatosha, ila muulize muuzaji kama raba zake za ndani zinahimili klorini. Kila jioni ipitishie maji safi kwa dakika kadhaa. Ukichoka ukaahirisha mara tatu, nunua nyingine.

Mipira: iwe rangi mbili, mmoja wa dawa, mwingine wa maji. Msaidizi wangu aliwahi kusuuza maua ya mteja kwa mpira wa dawa kwa sababu yote miwili ilikuwa myeusi. Nililipa. Urefu pima kutoka gari linapoegeshwa mpaka pembe ya mbali ya paa, juu kabisa. Mita 60 si anasa.

Ngazi zifungwe kwenye keria mbele na nyuma, basi. Ukinunua gari lililotumika, lala chini utazame chesisi, springi na breki kabla hujafurahia mlio wa injini. Likishapangwa na kujazwa, lipeleke mzanini kabla ya kazi ya kwanza.

La mwisho ni dumu la maji safi ya kuoshea macho. Liweke pale utakapolifikia hata kama huoni. Fumba macho, tembea kutoka nyuma ya gari, ulishike. Ukikosa, lihamishe.