Sheria Tatu za roboti: mkono wa Campbell

Je, Isaac Asimov, mwandishi wa hadithi za kisayansi, alizitunga peke yake Sheria Tatu, yaani kanuni za kubuni ambazo roboti wa hadithi zake hupaswa kuzifuata? Hapana, hakuzitunga peke yake. Aliyezitamka kwanza zikiwa tatu ni John W. Campbell, mhariri wa jarida la Astounding huko Marekani, walipokuwa wakijadili hadithi mpya Desemba 1940. Asimov mwenyewe ameyasimulia hayo katika kumbukumbu zake. Ila Campbell aliikataa sifa hiyo. Alisema sheria zilikuwa tayari ndani ya hadithi za Asimov, yeye alizichambua tu. Sheria zote tatu zilichapishwa Machi 1942. Kwangu mimi mhariri huyu anastahili kutajwa zaidi, maana hata ile hadithi ya 1941 ya sayari yenye majua sita, isiyojua usiku, Campbell ndiye aliyempa Asimov wazo lake.