Laptopu inawaka, kioo cheusi: usikimbilie kununua kioo

Hapa Mtwara, ukipeleka laptopu inayowaka bila kuonesha kitu, mara nyingi utaambiwa "kioo kimekufa." Kazi yangu ni kutengeneza hizi mashine, na vioo vingi ninavyoletewa kwa jina la marehemu ni vizima kabisa.

Kwanza itoe umeme wote. Chomoa chaji, toa betri kama ni ya kutoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Rudisha chaji, washa. Umeme ukikatika na kurudi kwa fujo, mashine huganda, na wakati mwingine dawa ni hiyo tu.

Bado giza? Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, mashine iko hai, kinachogoma ni kuonesha. Azima waya wa HDMI, unganisha na TV, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P ubadilishe picha iende kwenye TV. Picha ikitokea kwenye TV, zima taa ya chumba umulike kioo cha laptopu kwa tochi ya simu, ubavuni. Ukiona maandishi kwa mbali, kilichozima ni taa ya nyuma ya kioo. Picha ikija na kupotea unapoinua mfuniko, shuku waya unaopita kwenye bawaba. Waya ni nafuu kuliko kioo.

Caps Lock ikiwa haiitiki na TV nayo nyeusi, mimi naenda moja kwa moja kwenye RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu kilichochomekwa ndani ya mashine. Ukikaa Shangani au Mikindani unajua upepo wa bahari unavyokula mabati na misumari. Ndani ya laptopu nako unafika. Na si bahari peke yake. Msimu wa korosho uliopita alikuja karani wa chama cha msingi kutoka Newala, hesabu za wakulima zote zimo humo, tayari kaambiwa bei ya kioo kipya. Newala bahari hakuna, ila ghala la korosho lina vumbi lake. Nilipochomoa RAM, meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia, kama yamepakwa uji mwembamba. Ufutio wa penseli, ule mweupe laini, taratibu pande zote mbili. Brashi kavu kuondoa vumbi la ufutio. Kisha kuirudisha kwa mshazari na kuikandamiza mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Ilikaa nyeusi kidogo, karani akataka kuizima. Nikamzuia, maana mashine ikiguswa RAM huenda ikachukua muda kuipima upya. Ikafunguka, na mzee akaanza kutafuta faili lake kabla sijafunga skrubu.

Zikiwa RAM mbili, jaribu moja moja, na kila moja kwenye kila tundu. Laptopu nyembamba za siku hizi nyingine RAM imechomelewa kwenye ubao mkuu wa ndani. Hizo usizifungue kwa kujifunzia.

Hapo pakishindikana, inawezekana ni ubao, mtafute fundi mwenye vifaa vya kupimia. Akitaja kioo, mwombe akuoneshe picha kwenye TV kwanza. Na yule anayetaka kukupigia Windows upya wakati mashine haioneshi popote, muulize tu: utaisomea wapi?