Daftari la Banda: karatasi za gari ya kulala na tabu zake

Siku niliyoichoma chaja ya gari yetu, kitabu cha maelezo kilikuwemo ndani ya droo ya dashibodi. Nilikwishakiona. Kijapani kitupu, maandishi kama nyayo za kuku, nikakirudisha nilipokitoa. Kumbe katikati ya nyayo za kuku palikuwa na kitu nilichokijua kukisoma tangu skuli: 100V.

Gari yenyewe ni Hiace ya mwaka 2000, ya dizeli, chesisi yake inaanzia KZH100. Ilikuja kutoka Japani ikiwa imeshatengenezwa kwa kulala: kitanda nyuma, sinki dogo, friji, tangi la maji, jiko la kopo la gesi, na betri ya pili mbali na ile ya kuwashia injini. Tuliinunua mimi na kaka yangu tukachangia nusu kwa nusu. Siku za mapumziko tunaipakia watoto tunakwenda pwani ya Vumawimbi, hapahapa Pemba, na mara moja moja tunaivusha kwa meli kwenda Unguja. Watoto wanaiita Banda, na sisi wakubwa tumelizoea jina.

Ubavuni Banda lina tundu la kuchomekea umeme wa nje. Ilipofika nyumbani Chake Chake kutoka bandari ya Mkoani, nikavuta waya kutoka ukumbini nikachomeka, nifurahi na friji yangu. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Moshi ulitoka chini ya kitanda kabla sijaifikia swichi. Fundi umeme alipokuja alikwangua vumbi kwenye kibandiko, akasoma, akanigeukia: "Yakhe, mbona imeandikwa?"

Tangu hapo nikakaa kitako na karatasi za Banda, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata.

La kwanza ni kwamba vitabu vya injini si vya kukuumiza kichwa. Hiace haina siri Zanzibar. Fundi yeyote Gombani anainua kiti cha mbele, maana injini iko chini ya viti, na anaifungua huku anazungumzia mpira. Shida ni ile nyumba iliyomo ndani ya gari. Pampu ya maji, chaja, kile kidude kinachogawa umeme baina ya betri mbili, friji ya volti 12: hivyo fundi wa gari havijui, fundi wa friji za nyumbani anaviogopa, na fundi umeme anavijua nusu. Kwa hiyo ukiwa na muda mdogo, usianze na kitabu cha Toyota. Anza na vijikaratasi vya vile vifaa vidogo, vile ambavyo mtu huvitupa pamoja na boksi.

Na kama boksi halipo wala karatasi haipo, kifaa chenyewe kina kibandiko. Nilishika tochi nikaingia chini ya kitanda, nikapiga picha vibandiko vyote: jina la aliyekitengeneza, namba ya modeli, volti, ampea. Fanya kazi hii mapema, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haibakishi kibandiko. Kile cha pampu ya maji nilikipiga picha mwezi wa pili tangu tuinunue. Leo ukikitazama ni karatasi nyeupe. Kwa ile namba ya modeli nilitafuta intaneti nikapata vitabu vya vifaa vitatu. Vya Kijapani nilivisoma kwa programu ya simu inayotafsiri kwa kamera. Tafsiri yake ina vichekesho, friji yangu iliambiwa "ipumzike kwa heshima", lakini namba hazibadiliki, na namba ndizo ninazozitaka.

Kuna hazina nyingine ndani ya gari za Kijapani ambayo wengi wetu tunaitupa: kile kijitabu chembamba cha matengenezo alichokuwa nacho mwenye gari wa kwanza. Usikitupe. Tarehe zake zinachanganya kwa sababu Wajapani huhesabu pia kwa enzi za wafalme wao. Ukikuta Heisei, ongeza 1988. Ukikuta Reiwa, ongeza 2018. Heisei 21 basi ni 2009. Changu kilikuwa na mstari huohuo: Heisei 21, kilomita 98,000, mkanda wa taimingi umebadilishwa.

Mstari ule mmoja ulinisaidia kuliko maneno yote ya aliyeniuzia. Injini hii, 1KZ, inatumia mkanda, si cheni, kuzipanga valvu na pistoni zisigongane, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika gari ikiwa mwendoni, valvu zinakutana na pistoni, na hapo huna injini. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT, watu wanaiamini sana. Taa ile haiujui mkanda. Inahesabu kilomita tu, na mtu anaweza kuizima bila kugusa mkanda. Fundi mmoja Unguja aliniambia wa kwangu haujapata kubadilishwa tangu gari itoke kiwandani, tuubadilishe leoleo. Saa ya gari ilikuwa inasoma 187,000. Nikamfungulia kijitabu. Akakigeuza juu chini, akasema, "Basi bado bado." Nikaubadilisha mwenyewe kwa nafasi yangu kabla ya kufika 198,000, kwa mkanda nilioagiza Dar es Salaam na kuuona kwa macho.

Sasa daftari. Nilianza kuandika baada ya aibu. Mwaka wa kwanza gari ilikuwa inashikwa na watu wawili, mimi na kaka, kila mmoja na fundi wake. Ndani ya mwezi mmoja tukabadilisha filta ya dizeli mara mbili, mimi wiki ya kwanza, yeye wiki ya tatu, na oili hakuna aliyeimwaga kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake kaimwaga. Ukigawana gari na ndugu bila maandishi, mnagawana na ugomvi.

Nilinunua kaunta buku la jalada gumu. Kila kazi ina mstari mmoja: tarehe, kilomita, kilichofanywa, nani kafanya, bei. Ukisahau lolote, usisahau kilomita. Tarehe peke yake haisemi kitu kwa gari inayoweza kulala miezi miwili ya masika bila kutoka, halafu ikazunguka kisiwa kizima siku za Idi. Yale yanayozeeka bila kutembea ndiyo yanayotaka tarehe, nayo ni matairi na betri. Tairi lina tarakimu nne ubavuni. 2316 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Andika hizo. Tairi za gari ya kulala huwa na meno mazuri na mpira uliokwishapasuka, kwa hiyo kuyatazama meno peke yake hakutoshi. Betri ya ndani naipima kila mwanzo wa mwezi ikiwa imepumzika tangu usiku. Ikijaa vizuri inasoma kama volti 12.6 au 12.7. Nilipoona mwezi hata mwezi namba inashuka pole pole, nilijua inakufa kabla haijatuacha gizani.

Hiyo betri ina kisa chake. Niliinunua dukani Unguja na dhamana ya mwaka, nikaitia risiti kwenye droo ya dashibodi. Ilipokufa mwezi wa nane tangu niinunue, nikaenda na risiti yangu, nikaitandika mezani, na sote wawili tukaitazama: nyeupe, haina hata nukta. Karatasi ya mashine haitiwi wino, inaandikwa kwa joto, na ndani ya gari iliyoegeshwa juani joto linaendelea kuifanyia kazi hadi ifutike. Mwenye duka alinikumbuka vizuri, ila hakutaka kusema. Siku hizi risiti inapigwa picha palepale kaunta, na inatolewa kopi ya karatasi ya kawaida kabla sijapanda gari.

Kitu kimoja nilijifunza kwa fundi mzee wa Wete, nacho nakipenda kuliko vyote. Akikufungia kipuri kipya, anakata ule upande wa boksi wenye namba, anakupa. Mimi naugandisha kwa gundi kwenye ukurasa wa siku hiyo. Pemba kipuri mara nyingi kinatoka ng'ambo. Ukipiga simu maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, ukasema nataka bushi ya Hiace, utaletewa bushi ya Hiace ya mtu mwingine, na meli imeshaondoka. Ukituma picha ya kile kipande cha boksi pamoja na namba ya chesisi, unapata kitu chako.

Pa kuziweka? Ndani ya gari naacha kidogo mno: daftari, kopi ya kadi ya gari na ya bima, na karatasi moja niliyoiandika kwa mkono inayosema fyuzi ipi ya nini, bomba la maji linafungwa wapi, na kwa herufi kubwa kabisa, USICHOMEKE UMEME WA NYUMBA. Maneno haya ya mwisho nimeyabandika pia juu ya tundu lenyewe, maana wageni hawafungui mafaili. Vitabu vya asili viko nyumbani, ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Faili la kadibodi nililijaribu. Masika moja likaota ukungu, na mende wakala gundi ya migongo ya vitabu. Mama alinipa konzi ya karafuu kavu nitie ndani, kama anavyofanya kwenye kasha lake la kanga. Mende sijawaona tena, ila sijui niwashukuru karafuu au kifuniko.

Picha za simu nazibandika majina yanayoanza na mwaka, halafu mwezi, halafu kifaa, ili zijipange zenyewe, na nakala zote nimemtumia kaka. Simu yangu iliyopita iko chini ya maji Mkoani, kwa hivyo sihitaji kuhubiriwa kuhusu nakala.

Mtu mmoja aliniuliza kwa nini nisiache daftari nitumie programu ya simu. Nilijaribu. Fundi mwenye mikono ya oili hashiki simu yangu, na mimi nikisema nitaandika jioni, jioni haifiki. Daftari liko kwenye mfuko wa mlango, anaandika yeye mwenyewe kwa mwandiko wake, alama ya dole gumba la oili pembeni. Kwenye kesi ya nani kafunga nini, lile dole ni sahihi tosha.

Tumia penseli. Wino wa kalamu nyingi ukipata maji ya bahari unatoka wote, penseli inabaki. Na ifunge kamba kwenye daftari. Mafundi wangu wote ni waungwana, lakini hii niliyo nayo ni ya tano.