Kinara si Bingwa

SWALI: Katika mbio za baiskeli za kulipwa za wanaume, waendeshaji hupangwa kwa pointi hadi mwisho wa mwaka. Orodha hiyo tuiite msimamo au viwango? Na anayekaa juu yake ndiye bingwa wa dunia?

JIBU: La kwanza ni jepesi. Msimamo ni wa shindano lenye mwanzo na mwisho: Tour de France ina msimamo wake, na wakianza tena mwakani kila mtu ana sifuri. Orodha ya dunia ya UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, tangu 2016 hujumlisha pointi za wiki 52 zilizopita. Wiki mpya ikiingia, ya zamani inadondoka. Hiyo ni viwango. Tena neno lenyewe linakaa vizuri, maana kuwanga, kwa Kiswahili cha wazee, ni kuhesabu. (Kule kuwanga kwingine, kwa usiku wa manane, sikukusudii.)

La pili ndilo lililonichafua roho. Kila Desemba nasoma kwa waandishi wa michezo kwamba fulani "amemaliza mwaka akiwa bingwa wa dunia" kwa sababu tu ana pointi nyingi. Bingwa wa dunia gani huyo? Ubingwa wa dunia ni mbio za siku moja, mwisho wake ni mstari uliochorwa barabarani, na anayeuvuka wa kwanza huvishwa fulana yenye mistari ya rangi za upinde wa mvua. Pointi hazivishi mtu fulana hiyo.

Chukueni 2013. Tour alishinda Chris Froome. Septemba, katika mbio za ubingwa wa dunia huko Florence, Italia, Joaquim Rodríguez wa Hispania alikuwa mbele peke yake, dhahabu anaiona kwa macho, ndipo Rui Costa wa Ureno akamfikia na kumpiku mita za mwisho. Rodríguez akapanda jukwaani kupokea medali ya fedha huku akilia. Wiki moja baadaye akashinda Il Lombardia, mbio za siku moja za Italia, akampita Froome kwa pointi na kufunga msimu akiongoza World Tour, ule mfululizo wa mbio kubwa za mwaka. Sasa ndugu mwandishi, huyo unamwita bingwa wa dunia? Mtu aliyelia hadharani kwa kuukosa ubingwa huohuo? Ungemkuta wiki ile ukamwita hivyo, angedhani unamkejeli. Mwite kinara, mwite namba moja. Na kwa kuwa World Tour ya wakati ule ilihesabiwa kwa msimu, hata "mshindi wa msimu" nitameza. "Bingwa wa dunia" ni Rui Costa, basi.

Wanaonijibu husema bingwa ni mtu hodari yeyote, kama daktari bingwa. Sawa. Lakini hakuna anayesema "daktari bingwa wa dunia".

Tadej Pogačar wa Slovenia alimaliza kinara 2021, 2022 na 2023, na katika miaka hiyo fulana ilikwenda kwa Alaphilippe, Evenepoel na Van der Poel. Makosa matatu mfululizo kwa wenzetu. Kisha 2024 akashinda ubingwa wenyewe Zurich, akautetea Kigali 2025, huku viwango akiviongoza vilevile. Walewale wakaandika "bingwa wa dunia", na safari hii nikakosa pa kuwashika. Bahati ya mtende kuota jangwani.